Saini Moja, Miaka Minane: Hospitali ya Wazee Iliyonunuliwa Isifunguliwe

Alhamisi ya tarehe 23 Desemba 2010, zikiwa zimebaki siku mbili kufika Krismasi, karatasi moja ilipita juu ya meza ya Waziri wa Fedha mjini Port Louis, makao makuu ya Mauritius. Haikuwa mkataba. Haikuwa hati ya nyumba wala ya kiwanja. Lilikuwa ombi la kiofisi, la aina ambayo maofisa wa hazina hupeleka kwa mawaziri wao kila mwaka unapokaribia kufungwa: kuhamisha fedha kutoka kasma moja kwenda nyingine, ili mtu anayeidai serikali alipwe kabla hesabu hazijafungwa. Kiasi kilichoombwa kilikuwa rupia 144,701,300, ambazo kwa viwango vya wakati ule ni zaidi ya dola milioni 4.5 za Marekani. Waziri, Pravind Jugnauth, akaidhinisha, akatia saini.

Aliyekuwa akidai ni kampuni ya MedPoint, iliyokuwa na kliniki binafsi Phoenix, mji wa uwanda wa juu katikati ya kisiwa. Serikali ilikuwa imeamua kuinunua kliniki hiyo, majengo na vifaa vyake, iigeuze kuwa hospitali ya taifa ya wazee. Miongoni mwa wanahisa wa MedPoint alikuwemo dada wa waziri aliyetia saini, mwenye karibu robo ya hisa. Mume wa dada huyo, yaani shemeji wa waziri, alikuwa daktari na mmoja wa wakurugenzi wa kampuni.

Saini hiyo ilisomwa, ikachunguzwa na kubishaniwa kwa zaidi ya miaka minane. Ilisomwa bungeni, magazetini, katika ofisi za wapelelezi, na mbele ya mahakama za ngazi tatu, ya mwisho ikiwa ya majaji wa London. Ilivunja serikali ya mseto, ikamtoa waziri kwenye kiti chake, kisha mahakama ikamsafisha na akapanda hadi kuwa Waziri Mkuu. Katika muda wote huo, hakuna mzee hata mmoja aliyelazwa katika hospitali ya wazee ya Phoenix, kwa sababu hospitali hiyo haikufunguliwa.

Kisiwa kinachozeeka

Ili mtu aelewe kwa nini serikali ilitaka kununua jengo la wazee, ni lazima aanze na wazee wenyewe. Mauritius ni kisiwa cha watu wapatao milioni 1.3, mashariki ya Madagaska. Si kigeni kwetu kama ramani inavyoonyesha. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, na wengi wa waliouzwa katika biashara hiyo walipelekwa kwenye mashamba ya kisiwa hicho, wakati kikiitwa Île de France. Damu ya pwani yetu imo katika vizazi vya huko hadi leo.

Baada ya uhuru mwaka 1968 kisiwa kilijenga kitu ambacho nchi nyingi za Afrika bado zinakitamani. Matibabu katika hospitali za serikali ni bure. Mabasi yamekuwa bure kwa wazee tangu mwaka 2005. Na kwa miongo mingi, hadi mwaka 2025, kila raia aliyefika umri wa miaka 60 alikuwa akipokea pensheni ya serikali, awe alikuwa mkata miwa, mvuvi au mkurugenzi wa benki. Hakuulizwa alichangia nini. Ilitosha awe na umri.

Lakini matunda ya mpango mzuri huja na kazi yake. Watu wakila vizuri na kutibiwa vizuri, huishi zaidi. Wanawake wa Mauritius sasa huzaa watoto wachache kuliko wawili kwa wastani, na vijana wengi wameondoka kwenda Ufaransa, Uingereza, Kanada na Australia. Nyumba ya babu na bibi iliyokuwa ikijaa wajukuu imebaki na mzee mmoja, redio, na jirani anayechungulia asubuhi. Mzee wa namna hiyo akianguka bafuni na kuvunjika nyonga, hospitali ya kawaida humpasua, humfunga na kumruhusu. Lakini bado hawezi kusimama. Kitanda chake kinahitajika na mgonjwa mwingine, na nyumbani hakuna wa kumgeuza usiku.

Hapo ndipo wazo la hospitali ya wazee lilipotoka. Si nyumba ya kutupia wazee, bali mahali penye madaktari wanaojua kwamba dawa tano zikikutana katika mwili wa miaka 80 zinaweza kumchanganya mtu akili, penye watu wa mazoezi ya viungo, penye wauguzi wanaojua kumlisha aliyepooza bila kumpalia. Wazo lilikuwa jema na hitaji lilikuwa la kweli. Ni muhimu kulisema hili mapema, maana katika kelele zilizofuata lilisahaulika.

Kununua jengo lililosimama

Serikali inayotaka hospitali ina njia mbili. Inaweza kujenga: itafute kiwanja, ichore ramani, itangaze zabuni, isubiri miaka. Au inaweza kununua jengo lililokwisha kusimama. Njia ya pili huonekana ya mkato, na mara nyingine ni ya busara. Lakini ina maswali yake, na kila swali ni mlango ambao mtu mwenye nia mbaya anaweza kupita, au mtu mwenye nia njema akajikwaa.

Swali la kwanza ni kufaa. Kliniki iliyojengwa kwa ajili ya wajawazito na wagonjwa wa upasuaji mdogo si lazima imfae mzee. Mlango wa choo unaompitisha mgonjwa anayetembea haupitishi kiti cha magurudumu chenye muuguzi nyuma yake. Ngazi tatu za mlangoni, ambazo kijana hazioni, kwa mwenye kiharusi ni ukuta. Mzee anahitaji vyuma vya kushika kando ya ukuta, sakafu isiyoteleza, kitanda cha kushuka hadi chini, choo kilicho hatua chache tu kutoka kitandani, na mahali pa kukaa juani. Anayenunua jengo kuukuu kwa ajili ya wazee hulinunua mara mbili: kwanza kutoka kwa mwenyewe, kisha kutoka kwa fundi atakayelivunja na kulirekebisha.

Swali la pili ni bei. Jengo la kliniki si nyanya, halina bei ya sokoni ambayo kila mtu anaijua. Serikali humtegemea mthamini wake mkuu, anayepima ardhi, kuta, umri wa jengo na vifaa vilivyomo, kisha anaandika tarakimu. Tarakimu hiyo ndiyo ngao ya mlipa kodi. Katika suala la MedPoint, magazeti ya kisiwani yaliandika kwamba makadirio ya mwanzo yalikuwa karibu rupia milioni 75, na kwamba baadaye yalipanda hadi milioni 125. Tofauti ya milioni 50 katika jengo lile lile ni jambo ambalo mwananchi yeyote ana haki ya kuuliza, hata kama jibu lake lipo na lina maana.

Swali la tatu ni haraka. Wakati huo mwaka wa fedha wa Mauritius ulifuata kalenda, ukafungwa tarehe 31 Desemba. Fedha zisipotumika, hurudi hazina. Zaidi ya hayo, bajeti iliyosomwa Novemba 2010 na waziri yuleyule wa fedha ilileta kodi ya faida inayotokana na kuuza ardhi na majengo, ikianza na mwaka mpya. MedPoint ililipwa kabla mwaka haujaisha. Wapinzani waliweka tarehe hizo mbili bega kwa bega na kuuliza mbona mlango umefungwa nyuma ya huyu mmoja tu alipokwisha kupita.

Swali la nne ni: nani anauza? Hilo ndilo lililowasha moto.

Bunge, magazeti na pingu

Mauritius ni nchi ndogo yenye magazeti makali. Familia chache zimepokezana uongozi tangu kabla ya uhuru. Anerood Jugnauth, babaye Pravind, alikuwa Waziri Mkuu kwa miaka mingi na wakati huo alikuwa Rais wa Jamhuri. Navin Ramgoolam, Waziri Mkuu wa mwaka 2010, ni mtoto wa Seewoosagur Ramgoolam aliyeiongoza nchi kupata uhuru. Vyama vyao, Labour cha Ramgoolam na MSM cha akina Jugnauth, vilikuwa vimeungana na kushinda uchaguzi wa Mei 2010. Upande wa pili wa Bunge alikaa Paul Bérenger, Kiongozi wa Upinzani, mwanasiasa mkongwe ambaye naye aliwahi kuwa Waziri Mkuu.

Mwaka 2011 ulipoanza, maswali yakawa mvua. Nani alitangaza zabuni? Nani alithamini? Waziri wa Afya alijua nini, na wa Fedha alijua nini? Katika nchi ambayo mtu akipanda basi Port Louis hukutana na binamu ya mbunge kabla hajafika Curepipe, swali la nani ndugu ya nani halihitaji mpelelezi. Kila mtu alijua kliniki ni ya nani. Jambo ambalo watu walitaka kujua ni kama waliokuwa serikalini walikaa kando ilipostahili wakae kando.

Tume ya kupambana na rushwa ya nchi hiyo, ICAC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, ikafungua jalada. Julai 2011 ikamkamata Waziri wa Afya, Maya Hanoomanjee, wa chama cha MSM. Siku chache baadaye mawaziri wa MSM wakajiuzulu kwa pamoja, na chama kikatoka serikalini. Mseto wa Mei 2010, uliokula kiapo kwa shangwe, haukumaliza hata miezi 15. Mashtaka dhidi ya Bi. Hanoomanjee hayakufika mbali, na miaka michache baadaye akawa Spika wa Bunge.

Septemba 2011 ikawa zamu ya Pravind Jugnauth mwenyewe kufikishwa mbele ya sheria.

Kifungu cha 13

Hapa inafaa kusimama na kutazama kwa karibu, kwa sababu watu wengi waliofuatilia kesi hii kwa mbali walidhani waziri alishtakiwa kwa kula rushwa. Hakushtakiwa hivyo. Hakuna aliyedai kwamba alipokea bahasha wala kwamba alitia rupia mfukoni.

Shtaka lilikuwa la mgongano wa maslahi. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Kuzuia Rushwa ya Mauritius kilisema kwamba ikiwa mtumishi wa umma, au ndugu yake, au mshirika wake, ana maslahi binafsi katika uamuzi ambao chombo cha umma kinataka kuufanya, basi mtumishi huyo asipige kura wala asishiriki katika shughuli yoyote inayohusu uamuzi huo. Adhabu yake ni kifungo hadi miaka 10.

Sheria ya namna hii inatokana na busara ambayo hata baraza la wazee kijijini linaijua. Shauri la shamba likiletwa barazani na mmoja wa wagombanao ni mtoto wa mwenyekiti, mwenyekiti huondoka. Haulizwi kama moyo wake ni safi. Haulizwi kama angehukumu kwa haki. Anaondoka ili mshindi asiambiwe ameshinda kwa sababu ya baba, na mshindwa asilale na kinyongo. Sheria inamlinda mwenye kiti kama inavyomlinda mwenye shamba.

Lakini sheria ikiandikwa kwenye karatasi huwa na maneno, na maneno yana mipaka. "Maslahi binafsi" ni nini? Mwenye hisa katika kampuni ana maslahi binafsi katika kila jambo la kampuni, au maslahi hayo ni ya kampuni yenyewe? Na "uamuzi" ni upi? Ni uamuzi wa kununua, wa kukubali bei, au wa kutoa fedha kasma hii na kuzitia ile? Kesi nzima ilikuja kusimama juu ya maneno hayo mawili.

Mahakama tatu, majibu mawili

Wakati kesi ikisubiri, siasa ziligeuka. Mwaka 2012 Anerood Jugnauth aliacha urais na kurudi jukwaani. Desemba 2014 muungano wake ulishinda viti 47 kati ya 62. Moja ya ahadi zilizowavutia wapiga kura ilikuwa kupandisha pensheni ya wazee kutoka takriban rupia 3,600 hadi rupia 5,000 kwa mwezi, na iliposhinda serikali mpya ilitekeleza. Hivyo wazee wale wale ambao hospitali yao ilikuwa imefungwa kwa kufuli ndio waliosaidia kuamua nani atawale.

Tarehe 30 Juni 2015 mahakama ya kati ilimtia Pravind Jugnauth hatiani. Wakati huo alikuwa waziri wa teknolojia na mawasiliano katika serikali ya baba yake. Akajiuzulu. Siku mbili baadaye akahukumiwa kifungo cha miezi 12, lakini hakukitumikia, kwa kuwa alikata rufaa. Kwa mahakama hiyo hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: fedha zilikuwa zinakwenda kwa kampuni ambayo dada yake ana hisa, yeye alijua, naye alishiriki.

Tarehe 25 Mei 2016 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaitengua hukumu hiyo. Ndani ya siku chache akarudi barazani, safari hii akiwa tena Waziri wa Fedha, katika ofisi ile ile ambamo karatasi ya Desemba ilitiwa saini. Januari 2017 baba yake akang'atuka, na Pravind akawa Waziri Mkuu.

Mkurugenzi wa Mashtaka hakukubali yaishe hapo. Mauritius, ingawa ni jamhuri tangu 1992, imebakiza rufaa yake ya mwisho kwa majaji wa Privy Council mjini London. Rufaa ikasikilizwa huko Januari 2019. Ikawa moja ya mara chache duniani ambapo mwendesha mashtaka wa nchi anaiomba mahakama ya nje imtie hatiani Waziri Mkuu aliye madarakani. Jambo lililowashangaza wengi zaidi ni kwamba ICAC, tume iliyochunguza na kufungua kesi hiyo, mbele ya majaji wa London ilisimama upande wa mshtakiwa na kuunga mkono kuachiwa kwake. Mkurugenzi wa tume hiyo alikuwa akiteuliwa na Waziri Mkuu. Wananchi walipima mambo hayo mawili wenyewe.

Tarehe 25 Februari 2019 London ikatoa jibu: rufaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka imekataliwa. Pravind Jugnauth hana hatia, na hapo sheria imefika mwisho wake.

Sababu ya majaji inastahili kusomwa kwa utulivu. Walitazama ni uamuzi gani hasa ulikuwa mezani tarehe 23 Desemba. Haukuwa uamuzi wa kununua kliniki. Huo ulikwisha fanyika. Haukuwa wa bei. Hiyo ilikwisha kubaliwa. Serikali ilikuwa tayari inadaiwa na ingelazimika kulipa. Kilichobaki ni fedha zitoke kasma ipi. Dada wa waziri alikuwa na maslahi katika kulipwa, ndiyo, lakini si katika swali la fedha zinatoka mfuko gani wa serikali. Kwa hiyo katika uamuzi huo mmoja, kifungu cha 13 hakikuvunjwa.

Mtu anaweza kuipenda au kuichukia hukumu hiyo, lakini ni hukumu ya wazi na ina mantiki. Mtu asifungwe kwa kutia saini kwenye karatasi ambayo haikubadilisha chochote kwa ndugu yake. Haki ya jinai haiendi kwa minong'ono.

Swali lililoachwa nyuma

Ila hukumu hiyo hiyo, kwa usahihi wake, inatuonyesha mahali uchunguzi ulipokuwa mwembamba. Kama karatasi ya Desemba ilikuwa hatua ya mwisho na ndogo, basi hatua kubwa zilitangulia. Kulikuwa na siku ambapo mtu alisema, "Tusijenge, tununue." Kulikuwa na siku ambapo masharti ya zabuni yaliandikwa. Kulikuwa na siku ambapo tarakimu ya mthamini iliandikwa mara ya kwanza, na siku ilipoandikwa mara ya pili. Kulikuwa na siku ambapo daktari wa wazee, kama aliulizwa, alipita katika vyumba vile akipima milango. Hizo ndizo siku ambazo jicho la umma lilitakiwa liwe wazi kabisa, kabla rupia hata moja haijatoka. Badala yake nchi ilitumia miaka minane ikiitazama saini moja kwa darubini.

Uchunguzi wa umma ukianza baada ya malipo hugeuka kuwa kesi, na kesi humtafuta mtu. Humuuliza fulani: ulifanya au hukufanya? Haiulizi kabisa kama mzee wa Phoenix au wa Mahébourg amepata kitanda. Mahakama haina uwezo wa kufungua wodi, na tume ya rushwa haiajiri wauguzi. Bunge lina uwezo huo, kwa kuwa linashika mfuko, lakini wabunge walikuwa wamegawanyika kati ya wanaotaka waziri aanguke na wanaotaka asimame.

Na jengo je? Lilikaa. Serikali ilikuwa imelipa, kwa hiyo lilikuwa mali ya umma. Lakini lilikuwa limepata jina baya, na hakuna waziri aliyetaka kupigwa picha akikata utepe mlangoni pake. Yeyote aliyewahi kufunga nyumba ya pwani kwa msimu mmoja wa mvua anajua kinachofuata. Unyevu hupanda ukutani, chuma hula kutu, na mashine isiyowashwa hufa kimyakimya. Uwanda wa Phoenix na Vacoas unajulikana kisiwani kote kwa mvua na ukungu wake. Kila mwezi ambao jengo lilikaa bila mgonjwa, thamani iliyobishaniwa mahakamani ilikuwa inapungua, bila kujali nani angeshinda kesi.

Mambo haya si ya ng'ambo tu

Msomaji wa Nairobi hatakuwa na shida kuitambua sura ya jambo hili. Miaka ile ile ya mwisho wa muongo wa 2000, jiji la Nairobi lilihitaji makaburi mapya kwa sababu Lang'ata ilikuwa imejaa. Hitaji lilikuwa la kweli, kama la wazee wa Mauritius. Kikanunuliwa kiwanja cha ekari 120 upande wa Mavoko kwa shilingi milioni 283, wakati thamani yake ilikadiriwa kuwa karibu milioni 24. Kesi zikafuata kwa miaka. Jiji likabaki linazika Lang'ata.

Kenya na Tanzania zote mbili zina sheria zinazogusa mgongano wa maslahi. Tanzania ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma tangu 1995, na sekretarieti inayopokea matamko ya mali za viongozi. Kenya ilipitisha sheria mahsusi ya mgongano wa maslahi mwaka 2025, baada ya mvutano mrefu bungeni. Funzo la MedPoint kwa wanaozitekeleza linahusu wakati. Tamko la kiongozi kwamba ndugu yake ana hisa katika kampuni fulani lina faida likisomwa siku zabuni inapoandikwa. Likitolewa kabatini miaka mitatu baadaye, ni kielelezo cha mahakamani tu.

Na kuna funzo la wazee. Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016 kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Kenya nayo ilianza kuwalipa wazee wa umri huo chini ya mpango wa Inua Jamii. Hizi ni hatua za kwanza katika njia ambayo Mauritius ilianza kuipita zaidi ya nusu karne iliyopita. Baada ya pensheni huja swali la hospitali, na baada ya hospitali huja swali la makazi. Unguja tayari kuna nyumba za wazee za serikali, Sebleni na Welezo. Miji yetu inakua, watoto wetu wanahamia mbali, na siku si nyingi serikali zetu zitaanza kununua majengo kwa ajili ya babu na bibi zetu. Siku hiyo ikifika, maswali manne ya Phoenix yaulizwe hadharani kabla ya hundi kuandikwa: jengo linafaa, bei ni ya haki, haraka ni ya nini, na nani anauza. La tano liulizwe kila baada ya miezi sita tangu malipo: wazee wangapi wamelala humo usiku wa jana?

Baada ya saini

Pravind Jugnauth alishinda uchaguzi wa Novemba 2019, zaidi ya miezi minane baada ya hukumu ya London. Miaka mitano baadaye aliangushwa vibaya na Navin Ramgoolam, mshirika wake wa zamani katika mseto uliovunjika kwa sababu ya kliniki. Anerood Jugnauth alifariki Juni 2021. ICAC haipo tena; mwaka 2024 kazi zake zilichukuliwa na tume mpya ya makosa ya kifedha.

Jengo lenyewe hatimaye lilipata wagonjwa. Serikali iliamua kuligeuza kuwa hospitali ya saratani, likavunjwavunjwa ndani na kujengwa upya, na miaka kama kumi baada ya ile Alhamisi ya Desemba likaanza kupokea watu. Ni kazi njema, kwa kuwa kabla ya hapo wagonjwa wengi wa saratani walisafiri nje ya nchi kutafuta tiba. Saratani ni ugonjwa unaowapata zaidi watu wa umri mkubwa, kwa hiyo wazee sasa wanapita katika lango lile, wakiwa wameshikwa mkono na mtoto au jirani. Lakini yule wa nyonga iliyovunjika, anayehitaji wiki sita za kufundishwa kusimama tena, bado yumo katika wodi ya kawaida, akisubiri kuambiwa kitanda chake kinahitajika na mgonjwa mwingine.